Namna ya Kuizunguka Lisbon kwa Siku Moja na Marafiki, Kutoka Asubuhi hadi Chakula cha Usiku

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, umejengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo, karibu na mahali mto huo unapoingia katika bahari ya Atlantiki, na kundi la marafiki lisilopanga njia mapema hujikuta limepanda na kushuka ngazi zile zile mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Mwongozo huu unafuata mwelekeo mmoja tu, kutoka magharibi kwenda mashariki: mnaanzia mtaa wa Belém asubuhi, mnapita katikati ya jiji alasiri, na mnamalizia katika mitaa ya zamani ya Alfama au Mouraria usiku. Nimeipanga njia hii kwa kumfikiria mgeni anayezungumza Kiswahili, kwa sababu Lisbon ina uhusiano na pwani yetu ambao miji mingi ya Ulaya haina. Ndiko walikotoka watu walioishambulia Kilwa na kuichoma moto Mombasa mwaka 1505, ndiko iliko dhahabu ya Kilwa mpaka leo, na ndiko yalikotoka maneno meza, leso, bendera na foronya. Mtu anaweza kulizunguka jiji hili bila kuyajua hayo na bado akaona majengo mazuri, lakini atakuwa amepita mbele ya habari zake mwenyewe bila kuzisoma.

Hatua ya kwanza: kupanga siku, fedha na viatu

Chagueni siku kati ya Jumanne na Jumamosi. Makumbusho mengi na monasteri ya Jerónimos hufungwa Jumatatu, na Jumapili mikahawa mingi midogo ya kifamilia haipiki. Marafiki watakaokuja kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala watahitaji viza ya Schengen, na vivyo hivyo wale wanaoishi Uingereza au Oman kwa pasipoti za Afrika Mashariki, kwa kuwa kibali cha kuishi katika nchi hizo hakiwapi ruhusa ya kuingia Ureno. Viza hiyo ishughulikiwe miezi kadhaa kabla, wala tiketi za ndege zisizoweza kurudishwa zisinunuliwe kabla haijapatikana.

Kundi zuri kwa jiji hili ni la watu wanne hadi sita. Mikahawa ya mitaa ya zamani ina meza chache na ndogo, na watu kumi wanaoingia pamoja bila kuagiza nafasi watarudishwa mlangoni hata kama viti vinaonekana. Mkiwa wengi, jigawanyeni katika makundi mawili wakati wa mlo na mkutane tena baadaye.

Jambo linaloharibu matembezi ya marafiki mara nyingi ni fedha ndogo ndogo: nani alilipa kahawa, nani bado hajatoa nauli, nani aliagiza pweza wakati wengine walikula supu. Njia ambayo nimeiona ikifanya kazi vizuri ni kuchanga kiasi kilicho sawa asubuhi kabla ya kutoka, na kumkabidhi mtu mmoja awe mweka hazina wa siku. Yeye hulipia nauli, vitafunio na chakula cha mchana kutoka katika mfuko huo. Chakula cha usiku, ambacho ni ghali zaidi na ambacho kila mtu huwa na matakwa yake, ni bora kila mmoja alipie alichoagiza, na mhudumu aambiwe hivyo mapema, kabla hajaandika oda.

Kila mmoja anahitaji kadi yake ya usafiri, inayoitwa navegante, kwa kuwa kadi moja haiwezi kutumiwa na watu wawili katika safari moja. Kadi tupu huuzwa kwa senti 50 za euro katika mashine za vituo vya metro, kisha hujazwa tiketi ya saa 24 au kiasi cha fedha kinachokatwa kila mnapopanda. Njia ya pili inafaa zaidi kwa siku hii, kwa sababu salio hilo hilo hukubaliwa katika metro, tramu, mabasi na treni ya kwenda Belém.

Vaeni viatu vyenye soli isiyoteleza. Njia za waenda kwa miguu za Lisbon zimetandikwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa, meupe na meusi, vilivyosuguliwa na nyayo za watu kwa miaka mingi hadi vikawa laini kama kigae, na mvua kidogo ikinyesha mteremko hauna huruma. Halafu kumbushaneni kuhusu saa. Ratiba zote huandikwa kwa mtindo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo rafiki aliyezoea kuhesabu saa za Kiswahili aandikiwe 08:00 na si saa mbili, ili msije mkasubiriana katika vituo tofauti.

Hatua ya pili: Belém kabla ya foleni

Belém iko kiasi cha kilomita sita magharibi mwa katikati ya jiji. Pandeni treni katika kituo cha Cais do Sodré, kwenye reli inayoelekea Cascais, na mwangalie ubao kwanza, kwa kuwa treni za haraka hupita Belém bila kusimama. Tramu namba 15E hufika pia, ila hujaa sana na huchukua muda mrefu zaidi. Lengeni kufika karibu na saa mbili na nusu asubuhi.

Anzeni na kifungua kinywa katika duka la Pastéis de Belém, ambalo limekuwa likioka vikeki vyake vya maziwa na mayai tangu mwaka 1837. Wapitao njia huona foleni ya nje na kukata tamaa, lakini foleni hiyo ni ya wanaobeba, na ndani mna vyumba vingi vilivyopambwa kwa vigae vya buluu ambako mnaweza kuketi na kuhudumiwa. Vikeki huletwa vikiwa na joto, na mezani huwa na mdalasini na sukari laini ya kunyunyizia. Nyunyizieni mdalasini kwa wingi. Kwa mtu aliyekulia pwani au Zanzibar, harufu hiyo ni ya nyumbani, na inafaa kukumbuka kwamba ni biashara ya viungo iliyowafanya Wareno waizunguke Afrika nzima. Kahawa ndogo nzito huitwa bica katika jiji hili, na yenye maziwa mengi katika glasi ndefu huitwa galão.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache hadi monasteri ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1501 kwa amri ya Mfalme Manuel I, na ambayo pamoja na mnara wa Belém iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1983. Kanisa na ua wa ndani wenye nguzo vina milango tofauti, na tiketi ya ua huo ni bora mkaikata mapema kwenye mtandao. Ingieni kanisani kwanza. Mara tu baada ya kupita mlango mtaona makaburi mawili ya mawe, moja kila upande: moja ni la mshairi Luís de Camões na jingine ni la Vasco da Gama.

Hapa ninawaomba msipite kwa haraka. Mtu huyu aliondoka Belém mwezi Julai mwaka 1497, akafika Mombasa mwezi Aprili 1498 na kukuta uhasama, kisha akapokelewa vizuri Malindi, ambako alipata rubani aliyemwongoza hadi Calicut nchini India. Nguzo iliyosimamishwa kwa jina lake bado ipo Malindi, juu ya mwamba kando ya bahari. Alifia Cochin mwaka 1524, mifupa yake ikarudishwa Ureno baadaye, na ilihamishiwa katika kanisa hili mwaka 1880. Kama miongoni mwenu yuko mtu wa Malindi au Mombasa, mpeni nafasi azungumze, kwa maana yeye ana upande wa habari hii ambao hakuna kibao chochote hapo kinachoueleza.

Vukeni kwa njia ya chini ya barabara hadi ukingo wa mto, ilipo sanamu kubwa ya mawe yenye umbo la merikebu iitwayo Padrão dos Descobrimentos. Ilijengwa kwa mawe mwaka 1960, wakati wa utawala wa kidikteta uliotaka kuutukuza ukoloni, na inafaa itazamwe kwa kukumbuka nia hiyo. Chini yake, sakafuni, kuna dira kubwa ya marumaru yenye ramani ya dunia katikati, inayoonyesha miaka ambayo merikebu za Wareno zilifika kila mahali. Itafuteni pwani ya Afrika Mashariki kwenye ramani hiyo, simameni juu yake, mpige picha ya pamoja. Mnara wa Belém uko mbele kidogo kufuata mto, na unapendeza hata ukitazamwa kwa nje tu. Foleni ya kupanda ndani hula saa nzima, nami ningeitoa saa hiyo kwa kituo kinachofuata.

Hatua ya tatu: dhahabu ya Kilwa

Mwongozo wa kawaida wa Lisbon huenda usiwapeleke katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, yaani Museu Nacional de Arte Antiga, lakini huu ndio moyo wa siku. Basi namba 714 huunganisha Belém na mtaa wa Rua das Janelas Verdes, mlango ulipo. Anayependa tramu apande 15E na kushuka kwenye barabara ya 24 de Julho, kisha apande ngazi. Kabla ya safari hakikisheni kwenye tovuti ya makumbusho kwamba siku hiyo kumbi ziko wazi, kwa kuwa jengo ni la zamani na matengenezo hufanyika mara kwa mara.

Ulizieni Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea ekaristi ili waumini waiabudu, na ilikamilishwa mwaka 1506 na mfua dhahabu Gil Vicente kwa agizo la Mfalme Manuel. Ni kazi ya ustadi usio wa kawaida: mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa ekaristi, nyuso zao ndogo zimetiwa rangi, na juu yao zimepanda nguzo nyembamba kama miiba, zote za dhahabu. Dhahabu hiyo ni kodi iliyotozwa Kilwa. Katika safari yake ya pili, mwaka 1502, Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa akiwa na merikebu za mizinga, akamlazimisha mtawala wake akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kila mwaka, na dhahabu aliyoipata ikafika Lisbon mwaka 1503. Kilwa ilikuwa tajiri kwa sababu ilidhibiti biashara ya dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala, na magofu ya msikiti wake mkuu na ya kasri la Husuni Kubwa yangali yakionekana Kilwa Kisiwani.

Sijui mahali pengine Ulaya ambapo Mswahili anaweza kusimama umbali wa mkono mmoja kutoka katika utajiri wa mji wake wa kale na kuuona ukiwa umegeuzwa kitu kingine kabisa. Asubuhi mmeliona kaburi la aliyeichukua dhahabu hii na monasteri ambayo chombo hiki kilitengenezewa. Sasa mnaiona dhahabu yenyewe. Kaeni hapo kadiri mnavyotaka. Kumbi nyingine zina hazina zake, zikiwemo skrini za Kijapani zinazoonyesha Wareno wakiwasili Nagasaki na watumishi wao weusi, lakini msijilazimishe kuona kila kitu, maana njaa itakuwa imeanza kuuma.

Hatua ya nne: chakula cha mchana

Wareno hula mchana kati ya saa sita na nusu na saa tisa, na baada ya hapo majiko mengi hufungwa hadi jioni. Mitaa ya Madragoa na Santos, chini kidogo ya makumbusho, ina mikahawa midogo inayoandika chakula cha siku kwenye karatasi iliyobandikwa dirishani. Maneno ya kutafuta ni "prato do dia", na mahali palipojaa wafanyakazi wa mtaa ndipo pa kuingia.

Mlangoni semeni "boa tarde", kisha "uma mesa para seis, por favor". Neno "mesa" mnalijua tangu utotoni. Mkiketi, mhudumu ataleta mkate, zeituni, siagi na pengine jibini bila kuulizwa. Vitu hivyo havitolewi bure, ila sheria ya Ureno haiwalazimishi kulipia msichoagiza na ambacho hamkukigusa, kwa hiyo kama hamvihitaji, mwambieni kwa upole avirudishe. Angalieni pia kama orodha ya vyakula ina bei mbili kwa kila sahani: "dose" ni sahani nzima ambayo mara nyingi inawatosha wawili, na "meia dose" ni nusu yake. Kundi la watu sita linaloagiza dose tatu au nne za aina tofauti na kuziweka katikati hula vizuri zaidi, na kwa gharama ndogo zaidi, kuliko kila mtu akijifungia na sahani yake.

Chakula cha taifa ni bacalhau, samaki wa bahari ya baridi aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa. Anayejua kupika ng'onda ataelewa mara moja kazi ya kumlowesha usiku kucha ili chumvi itoke. Kwa anayemwonja kwa mara ya kwanza ningependekeza bacalhau à Brás, ambapo samaki huchambuliwa na kuchanganywa na mayai, vitunguu na viazi vilivyokatwa nyembamba kama njiti. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna sadini wa kuchomwa kwa mkaa, walionona na wenye kuliwa kwa mkono bila haya. Pweza wa kuokwa kwa mafuta mengi ya zeituni na kitunguu saumu, "polvo à lagareiro", huwa laini kiasi cha kukatika kwa uma. Kuku wa kuchomwa hupakwa "piri-piri", neno ambalo hakuna Mswahili anayehitaji kutafsiriwa.

Wasiokula nguruwe wawe waangalifu zaidi hapa kuliko katika miji mingine mingi ya Ulaya. Supu ya caldo verde, inayopikwa kwa viazi na majani yanayofanana kabisa na sukuma wiki, huwekewa kipande cha soseji ya nguruwe juu. Bifana ni mkate wenye nyama ya nguruwe. Kome na kombe mara nyingi hupikwa kwa mvinyo mweupe. Semeni wazi, "sem carne de porco e sem vinho", na msubiri mhudumu aulize jikoni kabla ya kukubali.

Hatua ya tano: Baixa na uwanja wa Carmo

Tramu ya 15E itawafikisha katikati ya jiji. Mitaa ya Baixa imenyooka kama mistari ya daftari kwa sababu ilijengwa upya yote baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755, lililofuatwa na mawimbi makubwa ya bahari na moto. Nusu saa inawatosha kutoka uwanja wa Praça do Comércio, kupitia tao la Rua Augusta, hadi Rossio. Msipange foleni ya lifti ya Santa Justa. Pandeni kwa miguu kupitia Calçada do Carmo na mtafika juu mapema kuliko waliosimama chini.

Huko juu kuna kanisa la Carmo, ambalo paa lake lilianguka katika tetemeko na halikurudishwa, na mbele yake uwanja mdogo wenye miti. Tarehe 25 Aprili 1974, Waziri Mkuu Marcelo Caetano alijisalimisha kwa wanajeshi waasi katika kambi iliyo kwenye uwanja huu, na udikteta wa karibu nusu karne ukaisha. Vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyochangia sana kuuchosha utawala huo, viliongozwa na FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa huko huko Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Nunueni kahawa kwenye kibanda, kaeni chini ya miti na mpumzishe miguu.

Hatua ya sita: Alfama jioni

Tramu namba 28E ni maarufu kupita kiasi, na ni mahali wachomoaji wa mifukoni wanapofanyia kazi kila siku. Anayetaka kuipanda avae mkoba mbele ya kifua na simu aiweke ndani. Mwendo wa miguu kupitia kanisa kuu la Sé si mrefu, na unawapitisha polepole hadi roshani za Santa Luzia na Portas do Sol, ambako paa nyekundu za Alfama zinateremka hadi mtoni. Jina Alfama limetokana na Kiarabu na lina maana ya chemchemi za maji moto, kwa maana Waislamu walilitawala jiji hili kwa karne nne hadi mwaka 1147. Vichochoro vyake vyembamba vitawakumbusha Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, na kama huko, raha yake ni kupotea kidogo. Juni jua huzama karibu na saa tatu usiku, na Desemba saa kumi na moja na robo, kwa hiyo wa msimu wa baridi wafupishe mapumziko ya Carmo.

Hatua ya saba: meza ya usiku

Kuna njia mbili, na kundi likubaliane mapema asubuhi ili meza iagizwe kwa simu.

Ya kwanza ni chakula pamoja na fado, yaani nyimbo za huzuni za Kireno, katika Alfama. Ulizeni kabla ya kuketi kiasi cha chini ambacho kila mtu lazima atumie, kwa kuwa nyumba nyingi zina sharti hilo. Mwimbaji akisimama, taa hupunguzwa na huduma husimama. Aliyezoea taarabu, ambako msikilizaji huinuka kwenda kumtunza mwimbaji na kucheza naye, hapa ajizuie kabisa: hakuna kuzungumza, wala kugonga vijiko, wala kupiga makofi kabla wimbo haujaisha. Maneno hamtayaelewa, lakini gitaa la Kireno lenye nyuzi kumi na mbili na sauti ya mtu anayelia bila machozi vinatosha.

Ya pili ni Mouraria, nyuma ya kilima cha kasri la São Jorge, na mimi huichagua nikiwa na marafiki wanaotaka kuzungumza hadi usiku. Mtaa wa Rua do Benformoso umejaa mikahawa ya Wabangladeshi inayotoa nyama halali, na maeneo hayo yana pia migahawa ya Kimsumbiji. Agizeni matapa, yaani kisamvu kilichopikwa kwa karanga na nazi, pamoja na chamuças, ambazo mtazitambua kuwa sambusa kabla hazijafika mezani. Baada ya siku nzima ya mikate na jibini, wali wa nazi huliwa kwa ukimya.

Mkimaliza, ombeni "a conta, por favor", na wanaume washukuru kwa "obrigado", wanawake kwa "obrigada". Bahashishi si lazima, na kuongeza euro chache kwa huduma nzuri kunatosha. Metro hufungwa saa saba usiku, kituo cha Martim Moniz kikiwa karibu na Mouraria na cha Santa Apolónia chini ya Alfama, kwa hiyo ondokeni mezani nusu saa kabla, mkihesabu watu wote mlangoni.